UZI: Masai Ujiri na rekodi yake ya kubadilishana wachezaji, kutoka Carmelo Anthony hadi Brandon Ingram

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Toronto Raptors, timu ya NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, waliachana na kiongozi wao Masai Ujiri Juni 2025, baada ya miaka 12. Tangu hapo kila mjadala wa NBA ukimgusa unaishia palepale. Wengine wanasema alileta ubingwa wa 2019, kwa hiyo haguswi. Wengine wanasema ubingwa ule ni wa Kawhi Leonard, Masai alibahatika tu. Wote wanabishania dili moja, la kumleta Kawhi. Huyu mtu amekaa kwenye kiti cha kuamua nani aondoke na nani aje kwa karibu miaka 15, Denver kwanza kisha Toronto, na kila alichokifanya kinafuatilika jina kwa jina. Nimekipitia, na ninaleta hapa nilichokiona.

Msimamo wangu nautaja mapema ili anayetaka kupinga ajue pa kuanzia. Kipaji kikubwa cha Masai kilikuwa kujua mchezaji auzwe lini. Kuanzia 2010 hadi 2019 aliuza watu wakiwa bado na bei. Kuanzia 2020 akaanza kuwashikilia mpaka bei ikashuka au mkataba ukaisha, na timu ikaporomoka kwa sababu hiyo kuliko sababu nyingine yoyote.

Kwa wadau waliozoea soka, jambo moja kwanza. NBA hakuna kununua mchezaji kwa ada ya uhamisho kama Simba na Yanga wanavyofanya. Unatoa mchezaji, unapokea mchezaji, na timu iliyopita ukomo wa mishahara lazima mishahara inayotoka na inayoingia ikaribiane. Kinachosawazisha mizani mara nyingi ni haki za drafti, yaani haki ya kuchagua kijana katika mwaka fulani ujao. Na mchezaji mkataba wake ukiisha akaondoka kama mchezaji huru, timu iliyo juu ya ukomo haipati pesa yake ya kumnunua mbadala. Nafasi ile inayeyuka. Ndiyo maana kumwacha nyota aondoke bure kunauma kuliko kumuuza kwa hasara.

Tuanze Denver.

#2 Mleta uzi (inaendelea)

Masai aliingia Denver Nuggets Agosti 2010 na kukuta moto. Carmelo Anthony, nyota wa timu, mkataba wake unaisha kiangazi cha 2011 na kila mtu anajua anataka New York. Mwenye duka akijulikana kuwa lazima auze, wanunuzi humkandamiza bei. Masai alichofanya ni kuwaweka New Jersey Nets mezani kwa miezi, wakiwa na kijana Derrick Favors na haki za drafti, hadi New York Knicks wakaogopa kumkosa. Februari 2011 dili likafungwa: Carmelo na Chauncey Billups wakaenda New York, Denver wakapata Danilo Gallinari, Wilson Chandler, Raymond Felton, Timofey Mozgov, haki ya raundi ya kwanza ya Knicks ya 2014, haki mbili za raundi ya pili, fedha taslimu, na kitu kidogo ambacho wengi hawakukitazama: haki ya kubadilishana na Knicks nafasi ya raundi ya kwanza mwaka 2016.

Denver wakamaliza msimu ule kwa kushinda 18 na kufungwa 7 baada ya nyota wao kuondoka. Timu imeuza mchezaji wake bora na imekuwa bora zaidi.

Ile haki ya 2016 ishikeni, nitairudia.

Agosti 2012 akaingia kwenye dili la timu nne la Dwight Howard na kumchukua Andre Iguodala, akitoa Arron Afflalo, Al Harrington na haki ya raundi ya kwanza. Msimu wa 2012-13 Nuggets wakashinda mechi 57, idadi ambayo klabu haikuwahi kuifikia tangu iingie NBA, na Masai akawa mtu wa kwanza asiye Mmarekani kushinda tuzo ya kiongozi bora wa mwaka. Golden State wakawatoa raundi ya kwanza ya mtoano kwa 4-2, kisha Iguodala akahamia hukohuko Golden State.

Lipo pia dili baya pale Denver ambalo mashabiki wake hulipita haraka. Alimpa Nene mkataba mpya wa miaka 5, miezi michache baadaye, Machi 2012, akamtuma Washington na kumpokea JaVale McGee. Kisha akampa McGee miaka 4 na dola milioni 44. McGee hakuwahi kuilipa ile pesa akiwa Denver. Naliweka hapa kwa sababu linaonyesha udhaifu utakaojirudia Toronto: Masai akipenda urefu wa mikono na mruko wa mchezaji, hesabu yake ya bei hulegea.

#3 Mleta uzi (inaendelea)

Toronto. Mei 2013 Raptors, aliowahi kuwafanyia kazi kabla ya Denver, wanamrudisha kwa mkataba wa miaka 5 wa dola milioni 15. Anakuta Andrea Bargnani, chaguo namba moja la drafti ya 2006, mrefu anayejua kutupa kwa mbali lakini asiyepata mipira ya ribaundi wala kuzuia, na mashabiki wamemchoka hadi wanamzomea nyumbani. Mkataba wake bado una miaka 2 na zaidi ya dola milioni 20. Watu wengi waliamini Toronto italazimika kuongeza kitu ili mtu amchukue.

Masai akawapigia Knicks. Walewale. Akapata haki ya raundi ya kwanza ya 2016, haki mbili za raundi ya pili, na wachezaji ambao mishahara yao ilikuwa rahisi kuifuta. Bargnani akaenda New York, majeraha yakamla.

Sasa ile haki ya kubadilishana niliyowaambia mshike. Mwaka 2016 Knicks waliangukia nafasi ya 7 na Denver nafasi ya 9. Denver wakatumia haki waliyoipata kwa Carmelo, wakachukua nafasi ya 7 ya Knicks na kumchagua Jamal Murray, aliyewapa ubingwa wa 2023 akiwa na Nikola Jokić. Knicks wakabaki na ya 9, lakini ya 9 ilikuwa ya Toronto kwa sababu ya Bargnani. Toronto wakamchagua Jakob Poeltl. Yaani haki moja ya raundi ya kwanza ya New York ililisha timu mbili, na dili zote mbili zilitiwa saini na mtu mmoja akiwa katika ofisi mbili tofauti. Mimi sijaona mfano mwingine kama huo. Murray alichaguliwa na uongozi uliomfuata Masai pale Denver, sifa ya kumchagua ni yao. Ila mlango aliufungua yeye.

Desemba 2013 Raptors wameshinda 6, wamefungwa 12. Anamtoa Rudy Gay, mshahara zaidi ya dola milioni 17 kwa mwaka, kwenda Sacramento. Anapokea Greivis Vásquez, Patrick Patterson, John Salmons na Chuck Hayes. Kila mtu akasema timu inavunjwa, na vyombo vya habari viliripoti kwamba Kyle Lowry naye alikuwa njiani kwenda New York hadi mmiliki wa Knicks akakataa, akikumbuka alivyokamuliwa mara mbili. Lowry akabaki. Mpira ukaacha kukwama mikononi mwa Gay, timu ikamaliza na ushindi 48, rekodi ya klabu wakati ule.

Hapa napenda kuwa mkweli na kinachoitwa bahati. Kubaki kwa Lowry hakukuwa mpango. Lakini kile alichokipata kwa Gay kilikuwa mpango, na kiliendelea kuzaa kwa miaka 10. Salmons alibadilishwa na Lou Williams, aliyeshinda tuzo ya mchezaji bora wa akiba msimu uliofuata. Vásquez alipelekwa Milwaukee usiku wa drafti ya 2015 kwa Norman Powell, kijana wa nafasi ya 46, pamoja na haki ya raundi ya kwanza ya Clippers ya 2017. Haki hiyo ndiyo OG Anunoby, nafasi ya 23.

#4 Mchangiaji, Dar es Salaam

Mkuu, uzi mtamu, lakini unazunguka. Mimi ni mmoja wa wale wa upande wa pili. Bila Kawhi huyu Masai ana nini? Mechi nyingi za msimu wa kawaida, kisha LeBron James wa Cleveland anamfagia. Na hata 2019 fainali Kevin Durant wa Golden State aliumia kisigino, Klay Thompson akaumia goti. Golden State ikiwa nzima usingeiona hiyo pete ya ubingwa.

#5 Mleta uzi

Mkuu, haya mawili nayajibu tofauti.

Majeraha ya Golden State ni kweli. Durant alicheza dakika chache za mechi ya 5 tu, Klay akaumia mechi ya 6. Lakini kiongozi wa timu hapimwi kwa aliyeumia upande wa pili. Anapimwa kwa kuiweka timu yake mahali ambapo mpinzani akiumia yeye yuko tayari kuchukua. Raptors walikuwa mbele 3-1 kabla Durant hajagusa parketi ya fainali hizo, na Klay alikuwa amecheza mechi tatu kati ya hizo nne.

Kuhusu Kawhi, tuirudie siku yenyewe, 18 Julai 2018, kwa yale yaliyojulikana siku ile. Raptors wametoka kushinda mechi 59, kisha Cleveland wamewafunga 4-0 kwa mwaka wa pili mfululizo. LeBron amehamia Lakers, kanda ya Mashariki ya ligi imebaki wazi. Kawhi amecheza mechi 9 tu msimu uliopita kwa sababu ya msuli wa paja, amegombana na San Antonio kuhusu matibabu, mkataba wake umebaki mwaka mmoja, na anataka Los Angeles. Timu nyingi ziliogopa. Masai akatoa DeMar DeRozan, Poeltl na haki ya raundi ya kwanza ya 2019 yenye ulinzi (ikiangukia nafasi za juu Toronto wanabaki nayo), akapokea Kawhi na Danny Green.

Tazama alichokataa kutoa. Pascal Siakam alibaki. Anunoby alibaki. Fred VanVleet alibaki. Haki ile ya 2019 ikawa nafasi ya 29, San Antonio wakamchukua Keldon Johnson. Yaani hata kama Kawhi angeumia mwezi wa kwanza, Toronto ingeingia kipindi cha kujijenga upya ikiwa na vijana wake wote na bila mzigo wa mkataba mrefu. Hasara yake ya juu kabisa ilikuwa imeshapimwa. Bahati haipangwi namna hiyo.

Na ubingwa haukuwa wa Kawhi peke yake hata kwa upande wa dili. Februari 2019 alimtoa Jonas Valančiūnas, Delon Wright na C.J. Miles kwa Marc Gasol, senta wa miaka 34. Valančiūnas alipendwa sana Toronto. Lakini Masai alijua njia ya Mashariki inapita kwa Joel Embiid, na Gasol ndiye aliyembana Embiid zile mechi saba za Philadelphia, hadi ile mechi ya mwisho iliyoisha 92-90 kwa mpira wa Kawhi uliodunda mara nne kwenye ringi ya goli. Mechi ya kwanza ya fainali Siakam alifunga 32 na Gasol 20. Serge Ibaka naye alitoka Orlando 2017 kwa Terrence Ross na haki ya raundi ya kwanza.

Ila nakubaliana nawe kwenye jambo moja la kibinadamu. DeRozan aliichezea Toronto miaka 9, aliipenda timu wakati nyota wengine walikuwa wanaikimbia, na aliona ameahidiwa kuwa hauzwi. Masai mwenyewe aliomba radhi hadharani kwa namna mawasiliano yalivyokwenda. Kikazi dili lilikuwa sahihi. Kwa DeRozan lilikuwa kidonda, na sioni haja ya kukipunguza ili tu kumtetea Masai.

#6 Mchangiaji, Nairobi

Boss, kwanza asante kwa kazi hii. Kwa wasiojua, mama yake Masai ni Mkenya, baba Mnaijeria, amezaliwa Bournemouth Uingereza na kukulia Zaria. Tamasha lake la Giants of Africa pale Kigali 2023 lilikusanya vijana kutoka nchi nyingi za bara hili, na watoto wa kwetu wamepita kambi zake. Kwa hiyo sisi wengine tunampenda hata kabla ya kufungua hesabu.

Lakini swali langu ni la hesabu. Umesema alianza kuharibu 2020. Mbona Siakam, chaguo la 27 la 2016, Mkameruni aliyeonekana kwenye kambi ya kikapu hapa Afrika, alikaa hadi 2024? Kumshikilia mtu kama yule kunaweza kuitwa kosa kweli?

#7 Mleta uzi

Swali zuri, mkuu. Nikupangie miaka yenyewe.

2019 Kawhi na Danny Green wanaondoka bure. Hilo silihesabu kosa, ilikuwa bei ya pete. 2020 Gasol na Ibaka wanaondoka bure wote wawili ndani ya siku chache. Wanaweza kusamehewa kwa sababu timu ilikuwa bado inapigania ubingwa msimu ule wa korona.

Kisha inakuja Machi 2021. Raptors wanacheza nyumbani Tampa, Florida, kwa sababu mpaka wa Kanada umefungwa, na msimu umeharibika. Lowry ana mkataba unaoisha. Siku ya mwisho ya kubadilishana, 25 Machi, ambayo pia ni siku aliyotimiza miaka 35, kila mtu anangoja auzwe. Hakuuzwa. Powell ndiye aliyeuzwa, kwa Portland, na alikuja Gary Trent Jr. pamoja na Rodney Hood. Kiangazi Lowry akaenda Miami kwa dili la kusaini na kuhamishwa (anasaini na timu yake, kisha inambadilisha papo hapo), Toronto ikapokea Goran Dragić na Precious Achiuwa. Dragić hakutaka kukaa. Februari 2022 Masai akamtoa Dragić pamoja na haki ya raundi ya kwanza kwa Thaddeus Young. Ukifuata mstari huo hadi mwisho, thamani ya Lowry ilibaki Achiuwa tu, na haki moja ya raundi ya kwanza imetoka mfukoni.

Msimu ule mbovu wa Tampa ulimletea Scottie Barnes kwa nafasi ya 4, mchezaji bora chipukizi wa 2022, na nafikiri Barnes ndiye aliyemdanganya. Timu ikashinda 48 mwaka wake wa kwanza, Masai akaona hakuna haja ya kuvunja. Februari 2023 timu imedorora. VanVleet mkataba unaelekea mwisho, Anunoby na Siakam umebaki mwaka mmoja na ushee. Masai wa 2013 angeuza angalau mmoja. Masai wa 2023 akanunua: Poeltl yuleyule alirudi kutoka San Antonio kwa Khem Birch, haki ya raundi ya kwanza ya 2024 na haki mbili za raundi ya pili.

Matokeo? Ushindi 41, vipigo 41. Aprili wakapoteza nyumbani kwa Chicago kwenye mechi ya kuwania kuingia mtoano, wakikosa mitupo huru 18 kati ya 36, huku DeRozan akiwa upande wa pili. Kiangazi VanVleet akaenda Houston bure. Na ile haki ya 2024 ikaangukia nafasi ya 8.

Kwa hiyo kuhusu Siakam jibu langu ni hili. Kumpenda halikuwa kosa. Kosa lilikuwa kutokumpa mkataba mrefu na pia kutomuuza. Ukiamua ni wa kwako, mpe mkataba. Ukiamua si wa kwako, muuze akiwa na miaka 2 mbele yake. Masai alikaa katikati hadi Januari 2024, ikiwa imebaki miezi michache ya mkataba.

#8 Mchangiaji, Toronto

Naishi huku Toronto, nimesoma uzi wote. Nataka kuongeza hali ya mji, kwa sababu mnaandika kama vile yalikuwa maamuzi ya mtu aliyekaa mezani peke yake.

Baada ya Juni 2019 watu wa huku waliona wachezaji wale kama ndugu. Ubingwa wa kwanza wa NBA nje ya Marekani, watu barabarani siku ya gwaride hadi basi la wachezaji halisogei. Lowry kuuzwa Machi 2021 kwa vijana wawili na haki ya drafti kungevunja mioyo. Masai alikuwa ameshamuumiza DeRozan. Mimi naamini hakutaka kumfanyia Lowry vilevile, na kwa hilo namheshimu. VanVleet pia hakuchaguliwa na mtu kwenye drafti ya 2016, alilelewa hapahapa.

Halafu dili la kumpeleka OG Anunoby Knicks tusilione baya. Immanuel Quickley na RJ Barrett ni wachezaji wa kucheza kila siku, na Barrett ni mtoto wa hapa karibu, Mississauga.

#9 Mleta uzi

Ndugu yetu wa Toronto, ahsante, hilo la mji nalipokea kwa uzito. Inawezekana kabisa jeraha la DeRozan lilimfanya awe mzito wa kuuza watu waliobaki. Kama ni hivyo, ni tabia njema ya mtu, na bado imeigharimu timu. Vyote viwili vinaweza kuwa kweli.

Kuhusu OG: 30 Desemba 2023 alikwenda Knicks pamoja na Achiuwa na Malachi Flynn, wakaja Quickley, Barrett na haki ya raundi ya pili iliyokuwa nafasi ya 31. Kwa mchezaji ambaye angeweza kuwa huru kiangazi kile, ni malipo mazuri. Hili nalihesabu upande wake. Tatizo ni kilichofuata, Quickley kupewa miaka 5 na dola milioni 175. Ukimlipa mtu hivyo anapaswa kuwa kiongozi wa timu, na msimu wa 2024-25 majeraha yalimweka nje sehemu kubwa, timu ikashinda 30 tu.

Siakam ndiye mgumu. Januari 2024 alikwenda Indiana, Toronto ikapata Bruce Brown, Jordan Nwora, Kira Lewis Jr. na haki tatu za raundi ya kwanza. Tatu zinasikika nyingi. Lakini mbili za 2024 ziliangukia 19 na 29. Ya 19 ni Ja'Kobe Walter. Ya 29 ikapelekwa Utah kwa Kelly Olynyk na Ochai Agbaji, katika drafti ambayo wengi waliiona dhaifu. Ya tatu, ya 2026, ikapelekwa New Orleans Februari 2025 pamoja na Brown na Olynyk ili kumleta Brandon Ingram, aliyekuwa majeruhi na mwenye mkataba unaoisha, kisha akapewa miaka 3 na dola milioni 120.

Wakati huo Siakam yuko Indiana, anakuwa mchezaji bora wa fainali ya Mashariki 2025 na kuifikisha timu mechi ya 7 ya fainali dhidi ya Oklahoma City. Kwa upande wangu hilo ndilo dili lililomhukumu Masai. Kukubali malipo yale Januari 2024 ilikuwa sawa, hakuwa tena na la kufanya. Kujiweka katika hali ya kukosa la kufanya ndilo nisilolielewa kwa mtu aliyewahi kumuuza Carmelo akiwa amebanwa vilevile na akatoka na timu nzima.

#10 Mchangiaji, Dar es Salaam

Mimi wa #4. Hilo la "siku yenyewe" nimelielewa. Ila nina mfano wa nyumbani kuhusu bei kushuka. Hasheem Thabeet wetu alichaguliwa wa 2 drafti ya 2009. Februari 2011, wiki ileile ya Carmelo, Memphis wakampeleka Houston pamoja na DeMarre Carroll na haki ya raundi ya kwanza ili kumpata Shane Battier. Chini ya miaka 2 chaguo la 2 limegeuka kiongezeo. Na Memphis wakiwa wa 8 wakawatoa San Antonio waliokuwa wa 1. Kwa hiyo huwa nasema usingoje.

#11 Mleta uzi

Mfano mzuri sana, na una mkia ndani ya hadithi hii. DeMarre Carroll huyohuyo Masai alimpa miaka 4 mwaka 2015, goti likamsumbua, na 2017 ikabidi Toronto iongeze haki ya raundi ya kwanza na ya raundi ya pili ili Brooklyn wamchukue. Linganisha na Bargnani: mmoja umelipwa ili uondoe mzigo, mwingine umelipa. Miaka minne tu katikati.

#12 Mchangiaji, Nairobi

Sasa tuambie boss. Ukiwekewa meza nzima, dili gani unaliweka namba moja? Na usiseme Kawhi.

#13 Mleta uzi

Vásquez kwenda Milwaukee, 2015.

Kawhi ni dili ambalo mtu jasiri angelifanya. Hili la Vásquez lilihitaji jicho. Alikuwa ametoka kucheza mechi zote 82, mashabiki wanampenda, umebaki mwaka mmoja wa mkataba. Milwaukee walihitaji mtu wa kuongoza mashambulizi usiku uleule, na Masai hakuwaacha wakalala. Vásquez alicheza mechi chache kule kabla ya upasuaji wa kifundo cha mguu, na baada ya hapo hakurudi tena katika hali yake.

Toronto wakapata Powell, aliyecheza zile dakika za akiba kwenye safari ya ubingwa, na Anunoby, ambaye mtoano wa 2019 aliukosa kwa upasuaji wa kidole tumbo lakini Septemba 2020 alitupa ule mpira wa ushindi dhidi ya Boston zikiwa zimebaki sekunde 0.5. Powell akawa Trent, na Trent akaondoka bure kwenda Milwaukee 2024. Anunoby akawa Quickley na Barrett, ambao walikuwa bado wanavaa jezi ya Raptors siku Masai anatoka ofisini.

Mwenye hoja kwamba dili la Bargnani ni bora kuliko hili alete, maana hapo mimi mwenyewe nilipima kwa muda mrefu. Linalolipunguza Bargnani machoni pangu ni kwamba Poeltl, tunda lake, ilibidi alipiwe haki nyingine ya raundi ya kwanza ili arudi.